Kigoda cha Getini

Likizo ilipokaribia, kazi ya Kiherehere ilikuwa vifungo. Shangazi yake, fundi cherehani, alishona sare za watoto, na Kiherehere akitoka shule aliketi kando ya meza ya kukatia vitambaa, akitia vifungo shati baada ya shati mpaka vidole vikamuuma. Jina la Kiherehere alipewa na shangazi huyohuyo, na wala hakuonewa. Msichana huyu hakujua kusubiri aulizwe.

Sare zilikuwa za makao ya watoto yatima katika nchi jirani. Kila mwaka kundi la kanisa lao lilivuka mpaka kwenda kujitolea huko: wengine wakipaka rangi kuta, wengine wakishona, na Kiherehere akicheza na wadogo. Hii ilikuwa safari yake ya tatu. Njia nzima alimuwaza mtoto mmoja wa miaka mitano, aliyemwita Kidoti kwa sababu ya doa dogo jeusi juu ya mdomo wake.

Kidoti hakujua Kiswahili. Mwaka uliopita Kiherehere alimfundisha maneno machache kwa vitendo. Kwa neno "kesho" alilaza shavu viganjani, akakoroma, kisha akafumbua macho na kujinyoosha. Kidoti alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo waliagana kwa neno hilo kila jioni, na kila asubuhi likatimia.

Basi liliposimama, watoto walilikimbilia. Kidoti alibaki nyuma, ameshika sketi ya mlezi mkuu. Kiherehere akamwita, akalaza shavu viganjani kama zamani. Kidoti alimtazama, akageuka, akaingia ndani.

"Amenisahau," Kiherehere alimwambia mlezi, ambaye alijua Kiswahili vizuri.

"Hajakusahau. Siku mliyoondoka ulimwambia nini?"

Kiherehere akakumbuka. Siku ile Kidoti alimng'ang'ania shingoni, machozi yakimlengalenga, na dereva akipiga honi. Ili asilie, Kiherehere alimwambia "kesho", akakoroma, na mtoto akamwachia huku akicheka. Alijiona mjanja kweli.

Mlezi alimweleza yaliyofuata bila kumgombeza. Asubuhi yake Kidoti alibeba kigoda, akakiweka getini, akakaa. Siku ya pili vilevile, na ya tatu. Mvua ilipoanza walimbembeleza aingie, akakataa. Wiki ya tano alikirudisha kigoda jikoni mwenyewe, na neno lile halijamtoka tena.

Kiherehere alikwenda nyuma ya jengo akalia. Laiti angemwacha mtoto alie siku ile, yangekwisha palepale.

Hakumlazimisha urafiki. Alikaa barazani akishona vifungo, na siku ya nne Kidoti akaja kumshikia kopo lake la vifungo. Walikaa hivyo kila siku, lakini kile kicheko cha zamani hakikurudi.

Siku ya kuondoka alimwomba mlezi awatafsirie, akapiga magoti mbele ya mtoto.

"Kesho sitakuja," alisema. "Nitakaa muda mrefu bila kuja. Natamani kurudi, ila sijui kama nitarudi. Siku ile nilikudanganya. Nisamehe."

Kidoti alisikiliza mpaka mwisho, kisha akalia hadi kwikwi zikamshika. Kiherehere alimkumbatia, wala hakutafuta neno la kumnyamazisha. Dereva alipiga honi mara mbili. Shangazi, aliyekuja na kundi, akamwambia dereva atulie.

Basi lilipoondoka, Kiherehere alichungulia dirishani. Kidoti alikuwa akipunga mkono, uso umelowa.

"Nimemliza, shangazi."

"Umemliza. Lakini kesho hana wa kumngoja. Sote tunaimba kwamba ahadi ni deni, mwanangu. Wewe umemwona anayekudai, na urefu wake haufiki mezani. Ukimpa mtoto neno, mpe lile unaloliweza."

Kiherehere aligeuka tena kulitazama geti.

"Na zile wiki tano alizokaa getini?" akauliza.

Shangazi alimvuta karibu. "Hizo huwezi kumrudishia. Unachoweza ni kutomwongezea hata siku moja."