Macho Niliyochora kwa Wanja

Kabla sijafungua mdomo, apa. Hapana, ukicheka hivyo hujaapa. Weka mkono kifuani useme, "Kukhu Zilpa, nikimwambia mtu neno hili, ulimi wangu uvimbe." Umesema? Sawa. Hasa Brendah asijue. Brendah ni mjukuu wangu, mimi ndiye kukhu yake, yaani bibi yake, na akisikia mimi ndiye niliyechora yale macho, hatanipa tena mtoto wake nimbebe mpaka nife.

Mimi mwenyewe niliapa mbele ya madhabahu kwamba sitasimulia. Nimemwambia mama wa kinu cha posho tu. Na mke wa mchungaji. Na yule msichana anayenisuka. Sasa wewe.

Ilikuwa jioni, hapa hapa Burumba, jua linashukia upande wa Uganda. Nilikuwa nimetumwa makaa.

"Nyabo, mama, debe zima?" muuza makaa aliniuliza. "Unapikia harusi?"

"Napasha chumba moto. Mtoto wetu anapigwa picha kesho."

"Picha na moto wapi na wapi?"

"Atapigwa akiwa uchi, baba. Mambo ya siku hizi."

Mtoto alikuwa Obuya, siku tisa tu duniani. Brendah na mume wake Geoffrey walimngoja miaka minne, na Brendah alikuwa amepoteza mimba mbili kabla yake. Kwa hivyo aliposema anataka picha kama zile za kwenye simu, mtoto amekunjwa ndani ya kikapu kama yai, nani angemkatalia? Mpiga picha alikuwa Jacinter, dada mmoja wa Malaba. Alituma masharti kwa simu. Chumba kiwe moto. Ichezwe ile sauti ya shhhh, eti ndiyo mtoto alikuwa anasikia tumboni. Na mama afanye mazoezi ya kumfunga vitambaa akitumia kitu chenye uzito wa mtoto, ili siku yenyewe mikono isitetemeke.

Nilipofika langoni na makaa yangu, nikamkuta Petronilla anashuka kwa boda. Huyu ni shangazi ya Geoffrey, sisi tunasema senge. Ameolewa kule Adungosi. Alikuwa amepakata gunia mapajani, amelishika kwa mikono miwili.

"Umetuletea nini, Senge? Viazi?"

"Mtoto," akasema.

Halafu akacheka. Na mimi nikacheka.

Lakini gunia lilinuka... udongo. Udongo mbichi, wa ndani, wa shimo lililochimbwa sasa hivi.

"Na mjukuu wako wa Kocholia?" nikamuuliza. Nilikuwa nimesikia ana mjukuu mchanga amelazwa hospitali ya huko.

Kicheko kikamwisha. "Siku ya kumi na mbili leo. Hanyonyi. Wamejaribu kila kitu."

"Mungu atasaidia."

"Au mtu," akasema.

Tukaingia ndani. Brendah alikuwa chumbani, Obuya analia anataka maziwa. Petronilla akafungua gunia juu ya kiti, na humo ndani kulikuwa na yago.

Unajua yago? Tunda la mti, refu, nene, zito, kama soseji ya jitu. Halina kazi nyingi kwetu. Ila lina kazi moja. Mtu akizama ziwani na mwili usipatikane, tunazika yago mahali pake. Linavishwa nguo zake, linaitwa jina lake, linalaliwa matanga. Mume wangu Oyugi nilimzika hivyo, Port Victoria, miaka thelathini na moja sasa. Kwa hivyo mimi, kati ya watu wote, nilijua. Ngozi ilinisisimka mpaka kichwani.

"Senge, hii si ya kuleta nyumba yenye mtoto mchanga," nikamnong'oneza.

"Ni ya mazoezi tu. Pakiti ya unga inalegea. Hii inakaa kama mtoto. Beba uone."

Nikabeba. Kweli. Kichwa kikaingia kiwikoni kama cha mtoto.

Sasa hili ndilo uliloapia. Mimi napenda kuchekesha watu, na huo ndio ugonjwa wangu. Nikaona wanja wa Brendah juu ya meza. Nikasema, ngoja nimshtue huyu msichana. Nikalichora lile yago macho mawili. La kushoto likatoka kubwa kuliko la kulia. Nikaweka nyusi, moja ikapinda, maana mkono wangu ni wa kizee. Nikaweka mdomo. Petronilla akaninyooshea kofia ya sufi ya mtoto, nikaivisha.

"Haya!" nikasema. "Na huyu ni Obuya!"

Petronilla hakucheka. Aliinama mpaka pumzi yake ikafika sikioni mwangu.

"Asante, mama," akasema polepole. "Hilo ndilo lilikuwa limebaki."

Chumbani, Obuya akanyamaza.

Hakunyamaza kama mtoto aliyeshiba. Alinyamaza katikati ya kilio, kama redio umeme ukipotea.

Petronilla akalifunga yago, akaliweka pembeni nyuma ya kochi. "Tumfiche. Tutamshtua kesho," akasema. Nikakubali. Mimi mjinga.

Kesho yake mtoto alilala tu. Ananyonya mara mbili anaacha. Miguu yake baridi, na jiko linawaka. Brendah yeye anafurahi. "Kukhu, Jacinter alisema mtoto anayelala ndiye anatoka vizuri!" Halafu nikamsikia anapekua kopo la biskuti. Kitovu kilikuwa kimedondoka siku mbili kabla, na alikuwa amekiweka humo ndani ya pamba.

"Kukhu, umetoa kitovu?"

"Mimi nitoe cha nini?"

Pamba ilikuwepo. Kitovu hakikuwepo.

Nikangoja atoke. Nikaenda nyuma ya kochi, nikashika lile yago.

Lilikuwa na joto.

Joto la mtoto aliyeshushwa mgongoni sasa hivi. Ningepiga kelele. Lakini ningepiga, ningeulizwa nani kalichora. Nikarudi kuketi, nikanywa chai. Usiniangalie hivyo. Ningekuwa jasiri ningekuwa mtu mwingine.

Jacinter alikuwa aje mchana, lakini trela zilikuwa zimeziba barabara kutoka Malaba, akafika giza linaanza kuingia. Majirani wakajaa mlangoni kutazama. Chumba kilikuwa tanuri. Simu inasema shhhh... shhhh... shhhh... Taa za Jacinter nyeupe kama mbalamwezi. Kikapu katikati, ndani manyoya laini.

"Nipe nimbadilishe nepi na nimfunge," Petronilla akamwambia Brendah. "Wewe kaa, mama mzazi. Umechoka."

Akaingia chumbani na mtoto, akafunga mlango. Akatoka amebeba kifurushi cheupe kilichofungwa vizuri kabisa, kofia imeshuka mpaka kwenye paji. Akakilaza kikapuni mwenyewe. Akarudi chumbani, akapita na beseni, limefunikwa leso.

"Namwaga maji," akasema, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Jacinter akapiga magoti. Akarekebisha kidevu. Akaingiza mkono kwenye vitambaa, akatoa vidole vidogo, akavikunja chini ya shavu.

"Ai, mtoto mpole huyu! Sijawahi kupata kama huyu."

Kamera ikalia. Mara moja. Mara mbili. Majirani wakafanya "aaah." Brendah akajifuta machozi.

Baadaye wenye akili zao walisema ni hewa ya makaa ilitulevya, tumefungiana chumbani na jiko. Sawa. Makaa yanalevya. Lakini makaa hayachimbi shimo.

Kwa sababu mimi nilisogea. Ile harufu ya udongo mbichi ilikuwa imenifikia tena. Nikainama juu ya kikapu nimwone kitukuu changu amelala. Shavu jororo. Pua ndogo. Usingizi mtamu.

Na nyusi moja imepinda.

Nikatazama tena. Imepinda pale pale. Nyeusi. Ya wanja.

"Obuya?" nikanong'ona.

Macho yakafunguka.

La kushoto kubwa kuliko la kulia.

Sijui nilipiga kelele gani. Wanasema nilitaja jina la marehemu mume wangu. Najua tu nilimshika Geoffrey shati. "Senge yako! Senge yako yuko wapi?"

"Ametoka kumwaga maji, Kukhu. Kuna nini?"

Ile simu ikazima yenyewe. Shhhh ikaisha. Na kwenye ule ukimya sote tukasikia, nyuma ya nyumba...

Kwa.

Kwa.

Kwa.

Jembe.

Tulitoka kwa mlango mmoja watu kumi na tano. Geoffrey mbele na tochi ya simu. Jacinter nyuma yake, taa yake ya betri bado mkononi, waya unaburuta. Brendah hakuwa na viatu. Tukapita choo, tukapita mihogo. Taa ikamkuta.

Petronilla alikuwa amepiga magoti, mikono myekundu ya udongo mpaka viwikoni. Jembe na beseni tupu kando yake. Mbele yake shimo linalofika gotini. Ndani ya shimo leso yangu ya maua, na ndani ya leso Obuya, uso juu, kimya, udongo umeshamfunika miguu.

Alikuwa ameshika tonge lingine la udongo, mkono uko hewani.

Brendah ndiye aliyeruka. Alimzoa mtoto na leso na udongo wote, akamwinua, na Obuya akalia. Akalia kile kilio chake cha jana, kile kile, kutoka pale kilipokatika.

Wakati huo huo, ndani ya nyumba tuliyoiacha bila mtu, kitu kizito kikaanguka sakafuni. Puu. Kikabingirika kidogo.

Jirani mmoja, Okal, alikimbia kuangalia. Akarudi anatembea polepole, amelibeba kwa ile kofia ya sufi ya mtoto. Yago. Limefunguka vitambaa. Ubavuni lina tundu lililozibwa kwa nta, na kwenye nta kimechomoza kitu kikavu, kidogo, cheusi. Brendah akakijua. Akageuza uso.

"Lakini nimemkunja vidole," Jacinter akasema. Alikuwa anatazama mikono yake. "Mimi mwenyewe. Vilikuwa vitano..."

"Senge," Geoffrey akasema. Sauti ilikuwa ya kitoto. "Senge, ulikuwa unafanya nini?"

Petronilla alitutazama mmoja mmoja kwenye ile taa nyeupe. Hakujificha. Hakulia. Simu yake ililia pale chini kwenye udongo, ikalia, ikalia, hakuna aliyeishika. Yeye ndiye aliyejua ni nani anapiga, na uso wake ukavunjika.

"Mngeningoja kidogo tu," akasema. "Mjukuu wangu leo asubuhi alikuwa ameanza kunyonya."

Halafu macho yake yakanifikia mimi. Yakatulia. Mdomo ukafunguka, na nikajua anataka kusema nini mbele ya watu wote wale. Neno halikutoka.

Wakati huo wanaume walikuwa wamemshika mikono, wanainua ile mikono yake ya udongo juu kila mtu aione. Na mimi nikaingiza mkono wangu ndani ya leso niliyojifunga, haraka, nikakunja kidole ambacho kilikuwa bado cheusi kwa ule wanja, na ambacho mpaka leo, nisugue kwa sabuni au kwa jiwe, hakitakati.