Sanduku Jekundu la Waziri Penhale

"Suti ya kijivu, kiti cha nyuma. Ndiye jasusi."

Sauti ya mwenzake ilimfikia Gwen Ormerod kwenye redio ya sikioni. Hakugeuka. Alikunywa chai yake iliyopoa. Miaka kumi na tisa akimlinda mtu mmoja. Hata kushtuka alikuwa amechoka.

Ijumaa, saa sita mchana, ukumbi wa kanisa. Kila Ijumaa Alastair Penhale, Waziri wa Ulinzi, alirudi jimboni kusikiliza wapiga kura wake. Miaka thelathini na moja bungeni! Jumatatu chama kingemfanya Waziri Mkuu, na hilo hata paka wa kanisa alilijua.

Miguuni pa Penhale, sanduku jekundu la serikali. Ndani, karatasi za siri zenye njia za nyambizi za kivita.

"Bomba la maji taka linafurika tangu Machi, Alastair!" Bi. Clegg alifoka. "Serikali yenu ni debe tupu!"

"Nakusikia, Bi. Clegg." Alikuwa akisinzia macho wazi.

Kikombe kikapasuka nyuma. Watu wakageuka.

Suti ya kijivu ikachomoka hadi mbele, ikanyakua sanduku.

"Simama!" Gwen aliruka meza, bastola mkononi, magoti yakimlaumu.

Jamaa hakufika mlangoni. Kufuli la masanduku yale huwekwa upande wa chini, makusudi, ili waziri asiyelifunga aumbuke papo hapo. Sanduku lilipoinuliwa, likaachama. Siri za taifa zikamwagika sakafuni kati ya biskuti. Jasusi akazikanyaga, akateleza, pwaa! Gwen akamtia pingu.

"Kufuli limevunjwa?" sauti ya redioni ikauliza.

Penhale alikuwa amepiga magoti, akiokota karatasi.

"Nilizisoma hapa kabla watu hawajaingia, usingizi ukanipitia, nikasahau kufunga," alinong'ona. "Sema limevunjwa, Gwen. Umekula kwangu. Umewabeba wanangu."

Ilimuuma. Alimpenda mzee huyu.

"Kufuli ni zima, mzee. Na kwenye nyambizi zile kuna watoto wa watu."

Penhale akatoa kalamu, akaandika mistari mitatu nyuma ya tangazo la kanisa, akamkabidhi. Alikuwa amejiuzulu.

"Halikufungwa," Gwen akasema redioni. "Karatasi zote tunazo."

Alivaa koti, akamsukuma mfungwa wake kuelekea mvuani. Nyuma yake kiti kilikwaruza sakafu.

"Haya, Bi. Clegg, nieleze habari za bomba," Penhale alisema. "Sasa nina nafasi."