Mchanga Ndani ya Debe

Kila akitoka shule, Mbuke alikuwa na kazi tatu: kuchota maji, kufunga mbuzi, na kumwashia Bibi Melania redio. Hiyo ya tatu hakuisahau hata siku moja. Redio ilikaa dirishani, imefungwa kwa mpira wa baiskeli ili isiachane vipande, nayo ilishika vizuri stesheni moja tu: Redio Jembe ya hapohapo Didia.

Redio Jembe haikuwa na tangazo la sabuni wala la bia. Ilipiga muziki tu: nyimbo za wakulima wanaolima kwa ngoma, nyimbo za harusi, na za vijana wa gitaa ambao stesheni za mjini hazikuwajua. Kila Jumamosi jioni ilipiga wimbo ambao babu yake Mbuke aliuongoza shambani mwaka mmoja kabla hajafariki. Bibi aliacha kila kitu akakaa. Wimbo ulipofika mahali Babu anapokohoa, Bibi alicheka na kusema, "Nilimwambia apunguze ugoro, mzee yule!"

Jumatatu moja mtangazaji, Dada Sesilia, hakuanza kwa wimbo, bali kwa salamu ya Kisukuma.

"Mwadila, wasikilizaji. Betri zetu za sola zimechoka, mtambo unazimika kila mara. Redio hii haina tajiri, ina ninyi. Kila nyumba inayoweza ilete debe moja la choroko safi. Ijumaa jioni mnunuzi atapakia lori kwenda Mwanza, na lori hilohilo litarudi na betri mpya. Tukikosa, Jumamosi hatutakuwa hewani."

Bibi hakungoja. "Mbuke, chukua zile choroko tulizopura juzi. Zipepete, uzichambue, usiache hata kijiwe. Babu yako yumo ndani ya redio ile."

"Ndiyo, Bibi."

Bibi akaenda kumwona mgonjwa jirani. Mbuke alianza vizuri. Alipeta ungo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Choroko zilikuwa zimepurwa chini, kwa hiyo mchanga ulikuwa mwingi na vidole vilianza kuuma. Mara akapita rafiki yake Asteria, mpira wa soksi mkononi.

"Wee, unapepeta au unabembeleza mtoto? Twende rede! Tumeshagawana timu, umebaki wewe."

Mbuke akatazama rundo lililobaki. Akazoa choroko hivyohivyo na mchanga wake, akazitia debeni, kisha akamwaga zile safi juu. Debe likapendeza. "Nani atajua?" akawaza, akakimbia kucheza. Kesho yake alilibeba mwenyewe kichwani hadi redioni, akalimimina upesi upesi katika gunia la nne.

Ijumaa baada ya masomo alifuatana na Bibi kwenda kuona mzigo ukiondoka. Redio Jembe ilikuwa chumba kimoja kando ya mashine ya kusaga. Magunia yalipangwa nje, na watu wamejaa. Mnunuzi, Bwana Abdulshakur, alishika bambo, kile chuma chenye ncha cha kutobolea gunia na kuchota punje za ndani. Gunia la kwanza safi. La pili safi. La tatu safi. La nne, mchanga ukamwagika kiganjani mwake.

"Mzigo huu siupakii," alisema. "Nikikuta mchanga katika moja, nitayaaminije mengine? Mwanza watanirudishia mimi."

Watu wakageuka kumtazama Mama Nelly, aliyemimina debe la mwisho katika gunia lile.

"Mama Nelly," akasema mama mmoja aitwaye Serafina, "choroko zako ulizivuna au ulizizoa barabarani?"

Wengine wakacheka.

"Mimi? Nimezichambua mpaka macho yakauma!" Mama Nelly akajitetea.

Mbuke akawaza. Akinyamaza, Babu hataimba kesho, na Mama Nelly ataitwa tapeli wa mchanga mpaka mavuno yajayo. Akisema, Bibi atasikia, na Bibi alikuwa amemshika mkono. Akautoa mkono ule polepole.

"Ni mimi." Hakuna aliyesikia. Akavuta pumzi. "Si Mama Nelly! Ni mimi. Mchanga niliuweka chini, zilizo safi nikaziweka juu. Nilikimbilia rede."

Bibi akamgeukia mnunuzi.

"Lori linaondoka saa ngapi, baba?"

"Saa kumi na mbili, Bibi."

"Basi leteni nyungo."

Alivua khanga ya juu akaitandika chini. Gunia likamiminwa, na wa kwanza kukaa alikuwa Mama Nelly mwenyewe. Mbuke alipiga magoti mbele yake. "Nisamehe, mama."

"Nimekusikia. Ila mwakani za kwangu utanichambulia wewe."

Serafina naye akaja na ungo wake, akasogea karibu na Mama Nelly. Wakaanza kupeta, Mbuke akiwa kati yao, mmoja akatoa wimbo, nyungo zikafuata mdundo. Dada Sesilia akapitisha waya wa kinasa sauti dirishani. Saa kumi na mbili kasorobo, Abdulshakur alitoboa gunia lile mara tano.

"Nimelitoboa mpaka limekuwa chujio," alisema akicheka. "Safi! Pakia!"

Jumamosi redio ilinyamaza kutwa nzima ikingoja betri. Bibi alikaa dirishani, na Mbuke hakwenda kucheza. Saa kumi na moja jioni kikasikika kishindo kidogo, kisha ngoma, kisha Babu. Alipokohoa, Bibi alicheka hadi akafuta machozi. Mbuke alihisi kama ametua ndoo ya maji baada ya safari ndefu.

"Mjukuu wangu," Bibi alisema, "kitu cha wote kinafanyiwa kazi kama kitu chako. Ukikiharibu kwa siri umewaibia wote, hata wewe mwenyewe. Jana uliona aibu, lakini ulisema ukweli wakati wa kupepeta ulikuwa bado upo. Ungengoja hadi leo, tungesikiliza ukuta."

Wimbo wa Babu ukaisha, ukafuata wimbo wa jana wa nyungo. Bibi akainua kidole.

"Sikiliza. Ungo ule unaochelewa nyuma ya wenzake unausikia? Ule ni wako. Haukuiruka hata punje moja."