Kiti Kilichoachwa Wazi

Kila alasiri, chama cha walimu watarajiwa wa sayansi kilipomaliza kikao, Kibiriti alibaki maabara kuosha mirija ya kioo. Siku hiyo mikono ya koti lake jeupe ilikuwa imekunjwa mpaka kwenye viwiko, na alikuwa bado na mrija wa kwanza, mlango uliposukumwa.

Akaingia mwenyekiti wa chama, shati lake la bluu limepigwa pasi kama la bwana harusi.

"Tuongee."

"Na nani? Simu zako nimeziona. Nimeziacha zilie mpaka zichoke."

Juzi chama kilikuwa kikichagua mwanafunzi mmoja wa kufundisha somo la mfano mbele ya mkutano wa walimu wa sayansi wa nchi nzima. Kibiriti alijiandaa muhula mzima. Zamu yake ilipofika, kabla hata hajawasha mshumaa wa jaribio, mwenyekiti aliinuka kwenye meza ya waamuzi akatoka nje. Ukumbi ukaguna. Kibiriti alifundisha sauti ikimtetemeka, mshumaa ukamzimikia, na nafasi ikaenda kwa mwingine.

"Kibiriti wangu..."

"Wako tangu lini? Barazani unanitania, ukumbini unanipa mgongo."

"Kanuni ya waamuzi unaijua."

"Mwamuzi mwenye undugu na mshindani haketi mezani. Sasa wewe ni nani kwangu, mjomba?"

"Undugu au ukaribu."

"Ukaribu gani? Wa kuazimana kikokotoo?"

Mwenyekiti alichukua kitambaa, akaanza kukausha mrija mkavu uliokuwa bado haujaoshwa.

"Ningekaa pale ningekupa alama zote hujafungua mdomo. Wangesema umebebwa."

"Ukaona bora unitie aibu. Si ungeniambia mapema?"

"Niliogopa."

"Wewe? Hata tindikali huiogopi."

"Tindikali hainijibu."

Kibiriti nusura acheke, akajizuia. Nafasi yake ilikuwa imekwenda, na kucheka kungekuwa kumsamehe bure.

"Anayetoka mezani hutaja sababu kwa wenzake. Uliwaambia nini?"

"Kwamba nina udhuru."

"Udhuru wenyewe ndio ulioninyima nafasi yangu. Utaje, au toka unifungie mlango."

Maji yalikuwa yakichuruzika. Kibiriti alifunga bomba, mwenyekiti asije akapata kisingizio cha kelele.

Mwenyekiti aliweka mrija chini.

"Nilitoka kwa sababu nakupenda," alisema. "Kesho nitasimama mbele ya chama kizima niseme hivyo hivyo, hata kama hunitaki."