Maylene na Mahubiri Yasiyo na Pini

Kila siku akitoka shule, Maylene Tillery hakwenda nyumbani moja kwa moja. Mama yake alikuwa muuguzi na zamu yake iliisha jioni, kwa hiyo mtoto alimsubiri katika Nyumba ya Nyaraka ya mji wetu wa Pinder, hapa Georgia, jengo ambalo zamani lilikuwa stesheni ya treni. Humo zimehifadhiwa karatasi za watu wa pande hizi: shajara, barua, hati za mashamba, hata mapishi ya keki. Maylene alizijua sheria za mle ndani kama anavyolijua jina lake. Unanawa mikono na kuikausha. Kalamu ya wino unaiacha mlangoni, unaandika kwa penseli. Biskuti mfukoni hapana, hata moja.

Kuzijua sheria ni jambo moja, kuzielewa ni jambo jingine. Kwa bibi yake, Bibi Ola, kitu kikichafuka kinafuliwa na kikichanika kinashonwa. Kwa Bi Coble, msimamizi wa nyaraka, kilichochanika kiliachwa hivyo hivyo na kilichochafuka kiliwekwa kabatini pamoja na uchafu wake.

"Samahani, Bi," Maylene aliuliza siku moja, mkononi ana barua kuukuu, "na hili doa la mchuzi tunalitunza?"

"Ndiyo. Linatuambia barua ilisomwa mezani, watu wakila."

Maylene akalitazama doa upya. Kumbe nyumbani amekuwa akigombezwa kwa kumwaga historia!

Basi wiki chache kabla ya Jumapili ya Kurudi Nyumbani, ile siku ambayo ndugu zetu wote waliohamia Detroit na Chicago wanarudi kusali na kula pamoja nasi, sanduku la babu yake liliwasili. Marehemu Mchungaji Amos Tillery alituhubiria sisi wa Kanisa la Kisima Kitamu mpaka tukazeeka pamoja naye. Mahubiri yake aliyaandika popote mkono ulipofika: mifuko ya dukani, migongo ya kalenda, makaratasi ya mazishi. Hakuandika tarehe wala namba ya ukurasa. Ukimuuliza, alijibu, "Mungu anajua kinachofuata." Aliyeziokoa zile karatasi ni Bibi Ola. Kila Jumapili, baada ya kula, alichukua pini zake za kushonea nguo na kulifunga hubiri la siku hiyo mbali na mengine, fungu kwa fungu.

"Pini zimeshika kutu, zitakula karatasi," Bi Coble alimwambia Maylene. "Zitoe polepole. Ila mpangilio usiubadilishe, sawa?"

"Naam, Bi."

Simu ikalia na Bi Coble akaenda kuipokea chumba cha pili. Maylene akaanza kazi. Pini hii, pini ile, zote akazitia ndani ya mkebe wake wa penseli. Alipomaliza, akaitazama meza. Mfuko wa kaki umelalia kalenda, kalenda imelalia karatasi ya mazishi, kubwa juu ya ndogo, kama nguo zilizoanuliwa mvua ikinyesha. Usibadilishe mpangilio? Mpangilio gani? Pale mpangilio haukuwepo hata wa dawa! Akafikiri labda Bi Coble alitaka mambo yawe nadhifu. Akaweka mifuko na mifuko, kalenda na kalenda, kubwa chini na ndogo juu. Meza ikapendeza. Bibi Ola angeiona, angempa kipande cha pai ya viazi vitamu papo hapo.

Bi Coble aliporudi, rangi ilimtoka usoni.

"Maylene. Zilikuja hivi?"

Sauti ile haikuwa ya pai. Maylene hakujua amekosa nini, ila alijua amekosa. Ulimi ukatangulia.

"Naam, Bi. Zilikuja hivyo."

"Na pini?"

"Zilikuwa... chache tu. Zilikuwa zimeshadondoka."

Bi Coble alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Ajabu. Bibi yako aliniambia kila hubiri amelifunga mbali na jingine." Kisha akasema kwa huruma, "Basi. Wazee wanachoka. Si kosa lake."

Maylene hakuelewa. Aliyeulizwa ni yeye. Bibi ameingiaje hapo?

Alielewa kesho yake jioni. Bi Coble alikuwa amepiga simu, kwa upole kabisa, kusema kwamba mahubiri yamefika yakiwa yamechanganyika na pengine Bibi Ola amekumbuka vibaya. Siku hiyo Maylene alipitia kwa bibi yake, akamkuta jikoni, mbele yake bakuli la maharage mabichi ya kumenya. Hakuwa akimenya. Alikuwa ameshika haragwe moja tu, analigeuza.

"Mjukuu wangu," alisema, "wewe uliziona. Mimi najiona kabisa nikizifunga. Naiona meza, nazisikia pini zinavyopenya karatasi. Kumbe sikufanya?"

Maylene akageukia sinki, akaanza kuosha kikombe kilichokwisha oshwa.

"Dada yangu Ruthie alianza hivi hivi," Bibi akaendelea. "Alikuwa anaapa amezima jiko, kumbe jiko linawaka. Mwisho hakumjua mwanawe." Akaweka haragwe chini. "Nimempigia Shemasi. Jumapili ile majina atayasoma mtu mwingine, kwenye karatasi. Mimi sijiamini tena."

Hapa ni lazima msomaji ajue jambo moja. Kwetu Kisima Kitamu, Jumapili ya Kurudi Nyumbani, mtu mmoja husimama na kutaja kwa kichwa majina ya watu wote walioanzisha kanisa, waliotoka utumwani wakajenga kwa mikono yao. Hayasomwi. Yakisomwa, tunaona kama tumewapokea wazee wetu mlangoni bila kuwakaribisha ndani. Bibi Ola ameyataja tangu alipokuwa msichana na hajaliruka hata jina moja. Na sasa alikuwa anayaacha kwa sababu ya uongo wa mtoto.

Maylene alitoka nje akiwa kama aliyepigwa kofi. Binamu yake Royce alikuwa barazani, anadunda mpira. Akamweleza yote.

"Wee, una kichwa kizima kweli?" Royce akasema. "Ukisema leo, Bi Coble atakufukuza mle ndani, na mama yako atakufundisha adabu. Nyamaza. Karatasi hazina mdomo."

"Lakini Bibi anadhani anaugua!"

"Si atasahau? Wazee husahau."

"Hasahau, Royce! Ndiyo shida yenyewe. Anakumbuka sawasawa, na mimi ndiye ninayemwambia anakumbuka vibaya!"

Royce akaacha kudunda mpira.

Kichwa kilimzunguka Maylene. Nyumbani kupanga ni wema, kule kupanga ni kosa. Alitaka kusaidia, akaharibu. Alisema maneno mawili tu, na sasa mwanamke mwenye akili timamu anajiogopa mwenyewe. Hakuelewa hata nusu ya mambo hayo. Ila moja alilielewa vizuri, na kwa hilo moja akafungua mkebe wa penseli, akarudi jikoni na kumimina pini zote juu ya meza, katikati ya maharage.

"Ulizifunga, Bibi. Nimezitoa mimi. Nikazipanga upya, nikasema uongo."

Bibi Ola aliziangalia zile pini. Akaokota moja, akaigusa kutu yake kwa kidole. Halafu akaanza kulia. Maylene naye akalia, na maharage yakabaki bila kumenywa mpaka mama yake Maylene alipotoka kazini na kuja kumchukua, akaikuta nyumba nzima inalia na chakula hakuna.

Asubuhi ya Jumamosi wakaenda wote watatu kwa Bi Coble, mama akawaacha mlangoni ili awahi zamu yake. Maylene aliyasema tena yale yale, safari hii akimtazama machoni. Bi Coble hakupiga kelele. Alimgeukia Bibi Ola.

"Mama, naomba radhi. Nilimwambia mtoto asibadilishe mpangilio, sikumwambia mpangilio ni kitu gani. Mpangilio ni jinsi wewe ulivyoziweka, hata kama jicho la mtu mwingine linaona vurugu. Tena nilipoona mambo si sawa, nilikushuku wewe usiyekuwepo."

"Yameshapita," Bibi Ola akajibu, ingawa sauti yake ilionyesha hayajapita yote.

"Lakini kama pini zilikuwepo," Bi Coble akasema, akiinua karatasi moja kuelekea dirishani, "basi matundu yapo."

Kweli yalikuwepo. Vitundu viwili, vimezungukwa na rangi ya kutu. Karatasi zilizofungwa pamoja zilitobolewa pamoja, kwa hiyo tundu la hii lilikaa juu ya tundu la ile, hata kama moja ni mfuko wa dukani na nyingine ni kalenda. Walifanya kazi hiyo mpaka jioni, na Jumamosi iliyofuata pia. Maylene alilinganisha matundu. Bi Coble alisoma mwisho wa ukurasa na mwanzo wa mwingine. Bibi Ola alisikiliza huku amefumba macho.

"Ndiyo, hilo ni la mafuriko," alisema. "Hapo Amos alipiga meza, mtoto wa Shemasi akaamka akilia."

Mwishowe ukabaki ukurasa mmoja. Kona yake ilikuwa imekatika na matundu yameondoka nayo. Bi Coble akamsogezea Bibi Ola.

"Huu ni wa wapi, Mama?"

Bibi Ola akausoma mara mbili. Akatikisa kichwa.

"Sijui," akasema. Kisha akacheka, kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia tangu mumewe afariki. "Huu siujui, na najua kwamba siujui! Nipeni simu nimpigie Shemasi. Majina yangu nayataja mwenyewe."

Bi Coble akauweka ukurasa ule peke yake. Akatoa karatasi safi na penseli, akaviweka mbele ya Maylene. "Andika yaliyotokea. Itakaa ndani ya sanduku, ili atakayelifungua siku za mbele ajue."

Maylene akashtuka. "Miaka yote watu watasoma kosa langu?"

"Watasoma," Bibi Ola akasema, akimshika bega. "Sikiliza, mwanangu. Kukosea kazi hakukuwa jambo kubwa. Umeona, tumelirekebisha kwa kutazama matundu. Uongo wako ndio uliokuwa mkubwa, kwa sababu ulitaka kukaa mahali pa kumbukumbu yangu, nami ningebaki bila kitu cha kushika. Mtu akiharibu kitu, aseme. Akisema, wenzake wanajua pa kuanzia. Haya, andika, na mwandiko wako uwe wa kusomeka."

Maylene akaishika penseli. Aliandika kwamba karatasi zilikuja zimefungwa vizuri na Bi Ola Tillery, kwamba yeye ndiye aliyezichanganya, na kwamba ukurasa mmoja haujulikani mahali pake. Alipofika chini alisita kidogo, akawatazama wakubwa wawili waliokuwa wakimngoja, kisha akaandika jina lake lote.