Nguvu Iwe Nyuma

Zama za Mwingereza, pale Temeke, palikuwa na fundi cherehani aitwaye Kondo. Kwa kujipenda, hakuna aliyemfikia mtaani. Alikuwa akijiundia baiskeli ya safari, kifaa kimoja baada ya kingine. Magurudumu hana bado, lakini kengele na vioo viwili alikwisha kuvifunga.

Safari yenyewe ilikuwa ya Maneromango, kwa wakwe. Siku ya arusi, mkwewe, Mzee Marijani, alisema mbele ya watu kwamba binti yake akitaka kurudi kuwatazama atarudi kwa miguu yake, maana mumewe ana sindano tu. Watu walicheka. Maneno yale yalimchoma Kondo. Sasa alitaka kumfikisha mkewe, Mwanakombo, akiwa amekaa kwenye keria, na kijiji kizima kione.

Siku moja akaleta magurudumu, akayafunga. La mbele lilikuwa jipya, linametameta. La nyuma lilikuwa kuukuu, spoku zake nyembamba. Alisema mtu huonekana uso kwanza.

Mwanakombo aliizunguka baiskeli. "Huko mbele umejipamba wewe," alisema. "Mie nakaa nyuma."

Akamwita jirani yao, Didas. Huyu alikuwa bwana afya, mwenyeji wa Bukoba. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vijijini kwa baiskeli, na sanduku la dawa nyuma. Didas hakubishana na mtu. Aliketi kwenye tandiko, akashika ukuta, akamwomba Mwanakombo akae kwenye keria.

"Tazama matairi, Bwana Kondo."

Kondo akainama. Tairi la mbele lilikuwa duara vilevile. La nyuma lilikuwa limebonyea, na mara spoku moja ikakatika.

"Uzito mwingi uko nyuma," alisema Didas, "basi nguvu nayo iwe nyuma. Weka gurudumu la spoku arobaini, zile nene. Tairi liwe pana, kwa sababu jembamba huzama mchangani. Keria ishikwe na vyuma mpaka kwenye ekseli, pale katikati ya gurudumu. Na breki ziwe mbili, mbele na nyuma."

Kondo akauliza habari ya mwendo. Yeye alitaka gia ya mbio.

"Gia ya mbio ni ya lami. Kwenye vilima vya Pugu utamshusha shemeji atembee. Chagua gia ya nyuma yenye meno mengi. Utakwenda polepole, lakini pedeli zitakuwa nyepesi, na utapanda naye."

Kondo akawaza. Mkewe akishuka atembee, si maneno ya mkwe yatakuwa kweli? Kesho yake alirudi dukani na gurudumu linalometameta, na vioo vyake viwili, akabadilisha vyote kwa vifaa alivyotajiwa na gurudumu la mbele la kawaida.

Wakasafiri. Pugu walipanda taratibu, Kondo akitoka jasho, Mwanakombo juu ya mto aliotandika kwenye keria. Walilala Kisarawe kwa shangazi. Siku ya pili walipita mchangani, na hakuna spoku iliyokatika. Wakaingia Maneromango watu wakitoka msikitini. Mwanakombo hakushuka mpaka mlangoni kwa baba yake. Kondo alijisikia mwanamume kamili.

"Shikamoo, baba," alisema Kondo.

"Marahaba." Mzee Marijani aliinama, akalishika gurudumu la nyuma, akalitikisa. Halikucheza. Akavuta kanzu yake juu kidogo, akapanda kwenye keria.

"Nipeleke sokoni, mwanangu," alisema. "Na usiende mbio, watu wanione."