Bahasha Kwenye Benchi

"Kasa, samaki mbovu yumo kapuni. Asiape."

Redio ya Motorola ikanyamaza ndani ya mkoba wa Ruwaida, Kasa kwa jina la kazi, chini ya buibui.

Alitazama benchi. Watu wanne, yeye akiwamo, walikuwa wakimngoja hakimu awaapishe uraia, katika ukumbi mmoja wa Changamwe, mwaka 1988. Mmoja wao alikuwa jasusi. Akishaapa, atapata kibali cha kazi kwenye matangi ya mafuta hapo jirani. Yakilipuliwa matangi yale, Changamwe yote kwisha.

Nani, lakini? Hata mkubwa wake hakujua.

Moyo ulimwenda mbio, wala si kwa ajili ya matangi peke yake. Ruwaida naye alikuja kuapa kwelikweli. Alizaliwa ng'ambo, Mukalla, akalelewa Mishomoroni, akaitumikia Kenya kwa siri bila ya kuwa Mkenya. Karatasi zake zote zilikuwa kwenye bahasha moja mapajani. Zikipotea, basi tena.

Kando yake Bi Mwanatatu, aliyehama Pemba zamani, aliikumbatia bahasha yake kama mtoto mchanga. Mzee wa Kimakonde aliitia yake ndani ya shati.

Wa nne, aliyejiita Absalom, mkimbizi kutoka Rwanda, aliinuka kwenda nje kuvuta Sportsman.

Bahasha yake akaiacha kwenye benchi.

Ruwaida akaikazia macho. Marehemu babake alikuwa akiingia na karatasi zake hata msalani. Aliyeishi ugenini kwa hofu haziachi, wallahi.

Mikono ni miwili. Mmoja wa bastola yake ya Beretta, mmoja wa redio.

Akaiweka bahasha yake kwenye benchi, roho ikimtoka, akamfuata.

"Ndugu, umeacha karatasi zako."

"Ataziiba nani?" yule bwana akacheka. Kisha akayaona macho ya Ruwaida, na mkono ukaruka kwenye koti.

Beretta ilikuwa imeshamgusa mbavu.

"Kasa hapa. Samaki ninaye. Njooni mumchukue."

Land Rover ilipoondoka naye, Ruwaida alirudi ndani. Pale alipoiweka bahasha hapakuwa na kitu. Akainama kuchungulia chini ya benchi.

Bi Mwanatatu akajiinua kidogo.

"Nimeikalia, mwanangu. Ulitoka kama aliyeacha chungu motoni."

Karani akaita jina la Ruwaida. Mkono ule ule ulioshika Beretta akauweka juu ya Msahafu. Akaapa.

Alitoka polepole, cheti mkononi. Redio ikamwita Kasa, ikamwita tena. Aliiacha ingoje. Alikuwa akilisoma jina lake mwenyewe kwenye cheti.